Gurudumu la Nyuma

Ndoo ya lita 20 ukiijaza maji ina kilo 20. Ukiijaza asali inakaribia kilo 28. Nilikuwa nimefunga ndoo mbili za asali nyuma ya pikipiki, mwezi wa tisa mwaka juzi, nikitoka kwenye mizinga yangu porini upande wa Sikonge, pale gurudumu la nyuma lilipoanza kunivuta huku na huku mchangani. Nikapunguza mwendo, nikashuka, nikaangalia. Tairi limelala. Kufika lami ni kilomita 12, jua la saa tano, na kwenye pikipiki sina hata pampu.

Sikuwa nimebeba chochote kwa sababu niliona hakuna haja. Tairi lile lilikuwa jipya, limefungwa mjini Tabora siku moja kabla, na nilikuwa nimelipa shilingi 5,000 za ufundi bila kubishana.

Nilizifungua ndoo kutoka kwenye pikipiki nikaziacha kwenye kaya ya kwanza niliyoiona. Mama mmoja mtu mzima alikuwa uani anapepeta mahindi. Aliniitikia vizuri, akanipa maji ya kunywa, akaziweka ndoo zangu kivulini na kuzifunika kwa kanga ili nyuki wasizijie. Kisha nikasukuma. Aliyewahi kusukuma pikipiki yenye pancha ya nyuma kwenye mchanga anajua kwamba huisukumi, unaibeba. Nilifika lami saa tisa, mabega hayana kazi tena.

Kijana wa pancha pale barabarani alikuwa na beseni la maji, vyuma viwili na pampu. Akatoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha. Mapovu yalitoka sehemu mbili. Akaifuta, akanionyesha moja baada ya nyingine. Tundu la kwanza lilikuwa upande unaoelekea barabarani, dogo kama la sindano. La pili lilikuwa upande wa ndani, unaolalia rimu, nalo lilikuwa refu kidogo, kama mkato wa ukucha.

"Hili ni la mwiba, kaka," akasema. "Lakini hili la huku mwiba hauwezi kufika. Hili ni bisibisi. Aliyefunga alibana tyubu, ikakwaruzika, mzigo ndio umemalizia."

Akaingiza vidole ndani ya tairi, akazungusha taratibu, akasimama, akachomoa ncha ya mwiba wa mgunga isiyofika hata nusu ya punje ya mchele. Hapo ndipo nilipoelewa. Tairi lilikuwa jipya, na mimi sikupita penye miiba ya aina ile siku hiyo wala jana yake ila pale uani kwa fundi, alipolilaza tairi chini ya mti wakati wa kufunga. Mwiba uliingia likiwa bado halijakanyaga barabara.

Hayo mawili ningeyasamehe. La tatu nililigundua nyumbani Ipuli, hapo hapo Tabora, jioni ile, nilipoinama kuangalia breki. Kwenye gurudumu la nyuma la breki ya dramu kuna mkono wa chuma unaotoka kwenye kifuniko cha breki hadi kwenye fremu. Kazi yake ni moja: kukizuia kifuniko kisizunguke unapokanyaga breki. Mkono huo hushikwa na bolti, nati, na pini inayopita kwenye tundu la bolti ili nati isifunguke. Kwangu pini haikuwepo, na nati niliizungusha kwa vidole viwili. Nati ile ingedondoka na bolti ikafuata, siku ambayo ningekanyaga breki kifuniko kingezunguka pamoja na gurudumu, kingekunja chuma cha breki, na gurudumu lingeweza kukwama ghafla nikiwa kwenye mwendo. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, kabla sijaenda porini, nilikuwa nimempeleka binti yangu shule, amekaa nyuma, amenishika kiunoni.

Sikurudi kwa yule fundi kugombana. Nilikwenda kununua pini, na wiki iliyofuata nikaanza kujifunza kufungua gurudumu mwenyewe.

Siku ya kwanza nilihangaika saa nzima. Nilikuwa nimefanikiwa kuchomeka chuma kimoja chini ya ukingo wa tairi, nakinyanyua kwa nguvu zote, na tairi halitaki kuvuka mdomo wa rimu. Jirani yangu, mzee aliyetengeneza baiskeli Ng'ambo kwa miaka mingi, alikuwa anapita na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unanyanyua upande huu, na upande ule je, uko wapi?"

Nikatazama. Sikujua anachouliza.

"Upande ule umepanda juu ya rimu. Ushushe bondeni kwanza. Ukanyage kwa goti."

Nikaweka goti upande wa pili wa gurudumu, nikausukuma ukingo wa tairi uingie katikati ya rimu, halafu nikanyanyua chuma kwa mkono mmoja. Ukingo ukavuka kama kifuniko cha sufuria.

Naomba nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu mafundi wengi hulifanya kwa mazoea bila kulisema, na asiyelijua ndiye anayetumia nguvu, na nguvu ndiyo inayokata tyubu. Ukingo wa tairi, ile sehemu ngumu inayokaa kwenye rimu, una waya wa chuma ndani yake. Waya huo hauvutiki hata kidogo. Na mdomo wa rimu ni mpana kuliko duara la waya ule; usingekuwa mpana, tairi lingechomoka lenyewe kwenye kona. Sasa itazame rimu ikiwa tupu. Katikati yake pameingia ndani, pana bonde linalozunguka duara lote. Upande mmoja wa tairi ukizama kwenye bonde hilo, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka. Usipozama, unashindana na chuma, na kitakachopasuka ni tyubu au ukingo wenyewe.

Kuna sehemu moja tu ambayo tairi haliwezi kuzama vizuri: pale penye valvu, kwa sababu kitako cha valvu kimelijaza bonde. Kwa hiyo kutoa tairi huanzia kwenye valvu, na kulirudisha humalizikia kwenye valvu. Mkao huo unakuachia upande wa pili wote ukae bondeni. Nilipolijua hili, tairi la nyuma la ukubwa wa 3.00-17 likawa linanichukua dakika arobaini, tena bila kutoka jasho jingi.

Vyuma vyenyewe nilichongewa na mhunzi kutoka kwenye kipande cha springi ya gari. Nilimwomba azungushe ncha mpaka ziwe laini kama ncha ya kijiko, na hilo ndilo nililomlipia. Bisibisi ina kona, na kona ndiyo adui. Kila mara navisogeza vyuma kwa upana wa vidole vitatu tu, sichukui sehemu kubwa kwa tamaa ya kumaliza haraka, na sikichomeki chuma ndani zaidi ya kinavyohitajika kushika ukingo.

Ukingo naupaka maji ya sabuni. Nimeona watu wanapaka oili chafu, na ninawasihi waache. Oili inaharibu mpira, na isitoshe inabaki pale siku zote, tairi linateleza taratibu juu ya rimu kila unapofunga breki, linaivuta tyubu, na mwisho valvu inang'oka. Sabuni hukauka, tairi likashika. Tyubu naitia poda ya mtoto ili isigandane na tairi, halafu upepo kidogo, wa kuipa umbo tu, kabla ya kuiingiza. Tyubu iliyolegea kabisa hujikunja, na mkunjo ndio unaoingia chini ya chuma. Nati ndogo ya valvu siikazi kwenye rimu. Naiacha juu, karibu na kofia. Tairi likiteleza, valvu italala upande nami nitaiona asubuhi nikiwa bado uani.

Kabla ya kutoa tyubu naweka alama ya chaki kwenye tairi, mkabala na valvu. Jambo dogo, lakini limeniokoa mara nyingi: nikishapata tundu kwenye tyubu, najua tundu liko umbali gani kutoka kwenye valvu, na najua niuchunguze wapi mwiba kwenye tairi. Mwiba wa mgunga hukatika. Sehemu ya nje inadondoka, ncha inabaki katikati ya mpira, huioni kwa nje wala kwa ndani, mpaka mzigo ukiukandamiza ndipo inapotokeza. Usipoupata, kiraka chako kitadumu mpaka kijiji kinachofuata. Binti yangu, aliye darasa la sita, ana vidole vyembamba kuliko vyangu na huwa ananisaidia kupapasa. Huwa anafumba macho. Mara mbili ameupata mwiba nilioupita mimi.

Watu wa zamani walipata taabu kubwa kuliko hii. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kutoka Skotlandi aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, baada ya kumtengenezea mwanawe matairi ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Lilikuwa jambo zuri sana, ila tairi liligundishwa kwenye rimu. Ukipata pancha, ulibandue, uzibe, ugundishe upya na usubiri likauke. Ndugu wawili wa Ufaransa, Michelin, walihangaika na tairi la namna hiyo kwenye karakana yao mwaka 1889, na mwaka 1891 wakatoa tairi linalofunguka. Mwaka huohuo Charles Terront alishinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi akiwa kwenye matairi yao. Nikiwa nimepiga goti uani Ipuli, na vyuma viwili mkononi, ninafurahi kujua kwamba tangu mwanzo watu walitaka mwenye baiskeli aweze kulifungua tairi yeye mwenyewe, njiani.

Marafiki huniuliza kama naokoa fedha. Tuhesabu. Vyuma viwili vilinigharimu 8,000, pampu ya mguu 18,000, viraka na solushoni 3,000. Spana nilikuwa nazo. Jumla 29,000. Kwa mwaka mimi hubadilisha tairi la nyuma mara moja, la mbele kila miaka miwili, na nazipata pancha sita au saba. Kwa bei ninazotozwa mjini, hiyo ni kama shilingi 21,000 kwa mwaka. Kwa hiyo vifaa vilijilipa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na hapo sijahesabu muda wangu. Fundi mzuri anamaliza kwa dakika kumi na tano kazi inayonichukua arobaini. Kwa kijana wa bodaboda pale stendi, anayehesabu vichwa tangu alfajiri na ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, kukaa uani na gurudumu ni kupoteza. Yeye amlipe fundi. Nisingemshauri vinginevyo.

Lakini kwangu fedha ilitoka kwenye mazungumzo mapema sana. Kilichoingia ni kwamba gurudumu likishafunguliwa, ndani yake kuna mambo mengi ya kuona, na anayeyaona ni yule aliyelifungua. Mara ya pili nilipofungua la nyuma, nilikuta ule utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umeoza na kukatika, na vichwa viwili vimeanza kuota kutu na kutokeza. Vingeitoboa tyubu kutoka ndani, na mimi ningekuwa nalaumu barabara. Mara ya nne, niliweka kidole kwenye beringi, nikaizungusha, nikasikia inakwaruza kama ina mchanga. Ilikuwa na mchanga kweli. Viatu vya breki nilikuta vimebakiza unene wa sarafu. Hakuna lolote kati ya haya ambalo lingeonekana kwa nje, na kwa miaka yote niliyokuwa napeleka pikipiki na kuirudisha, hakuna aliyewahi kuniambia.

Siwalaumu mafundi wote. Nimekaa chini ya ile miembe ya mjini nikisubiri zamu yangu, nikawaona wanavyofanya kazi. Watu watano wamesimama, kila mmoja ana haraka, mmoja anapiga honi, na fundi analipwa kwa tairi, halipwi kwa kuangalia. Akikuambia beringi imekufa utamwona anataka kukuuzia. Kwa hiyo anafunga na kukupa. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye pengine ningefanya hivyo. Ndiyo maana nataka niwe mimi ninayeangalia, kwa sababu mimi sina foleni, na anayekaa nyuma ni mwanangu.

Yapo ninayolipia mpaka leo, bila kusita. Kunyoosha rimu na kukaza spoku ni mkono wa mtu aliyezoea. Nilijaribu mara moja gurudumu likawa baya kuliko mwanzo. Beringi pia napeleka. Rimu za spoti zenye tairi lisilo na tyubu zinataka kompresa ili ukingo ukae kwa mara moja, na pampu yangu ya mguu haiwezi. Tena kuna kiraka cha moto. Kile kiraka cha solushoni ninachobandika mimi kinatosha kwa tundu la mwiba, lakini mpasuko mrefu nampelekea kijana wa pancha. Yeye anabana tyubu kwenye kibanio, juu anaweka pistoni chakavu ya injini, anatia petroli kidogo ndani yake, anawasha, na moto ukizimika kiraka na tyubu vimekuwa mpira mmoja. Ni kazi ileile Charles Goodyear aliyoigundua mwaka 1839, ya joto na salfa kuugeuza mpira, inafanyika kando ya barabara ya Tabora kwa pistoni iliyotupwa. Elfu mbili ile naitoa kwa heshima.

Jambo jingine linahusu kununua tairi lenyewe, maana ufungaji mzuri wa tairi bovu haukusaidii. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2216 lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2016. Niliuziwa moja lenye miaka saba kwa bei ya jipya, limening'inizwa nje ya duka, juani, linang'aa kwa sababu limepakwa kitu cha kung'arisha. Nililikunja kwa vidole gumba nyumbani nikaona nyufa nyembamba kama nywele zinafunguka kati ya meno. Nilirudi nalo, muuza duka akabadilisha, nashukuru. Siku hizi tarakimu naangalia kabla sijauliza bei. Naangalia pia namba ya uzito: kwenye langu imeandikwa 50P, na 50 maana yake tairi hilo linaruhusiwa kubeba kilo 190. Ukijumlisha mimi, ndoo mbili za asali, na sehemu ya uzito wa pikipiki inayokaa nyuma, utaona nafasi iliyobaki si kubwa.

Nikimaliza kufunga, najaza upepo mpaka nisikie ukingo umeruka ukakaa, halafu naufungulia wote utoke na kujaza tena, ili tyubu ijinyooshe mahali ilipojikunja. Kuna mstari mwembamba kwenye tairi karibu na rimu. Nazungusha gurudumu nikiuangalia kama umbali wake na rimu ni sawa kote. Kisha ekseli, cheni iliyolegea sentimita mbili hadi tatu, alama za kushoto na kulia zilingane, mkono wa breki, nati, pini. Pini naikunja ncha zote mbili. Halafu nakanyaga breki mara kadhaa pikipiki ikiwa imesimama, kabla mtu yeyote hajapanda.

Vile vyuma viwili siku hizi vinakaa chini ya kiti, vimeviringishwa kwenye kipande cha tyubu kuukuu, pamoja na pampu fupi, spana mbili, viraka, na pini tatu za akiba. Mwezi uliopita nilipita njia ileile ya Sikonge nikakuta bodaboda amesimama na gurudumu la nyuma limelala. Abiria wake, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, amekaa chini ya mti. Kijana alikuwa ameshaanza kusukuma. Tulifungua pamoja, yeye amepiga goti upande wa pili, mimi nashika vyuma, na nilipomwambia aushushe ukingo bondeni alinitazama kama nilivyomtazama yule mzee. Mwiba tuliupata pale chaki ilipotuelekeza. Mama alikuwa amemaliza kunyonyesha tulipokuwa tunakaza ekseli.

Kijana alitoa elfu tatu mfukoni, nikamwambia aiweke, akajaze upepo vizuri akifika Sikonge kwa sababu pampu yangu haina kipimo. Akavichukua vile vyuma, akavigeuza, akapitisha kidole kwenye ncha.

"Hivi umenunua wapi, mkubwa?"

Nikachora njia ya kwenda kwa mhunzi kwenye mchanga, kwa ncha ya spana, nikamwambia amsisitizie kuzizungusha ncha.